Mchoro Kwanza, Neno Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kufundisha Dhana Dhahania kwa Kisa cha Fumo Liyongo

Kama umewahi kusahihisha karatasi za fasihi za Kidato cha Tatu, jibu hili unalijua. Swali linasema: jadili suala la usaliti katika kisa ulichosoma, alama 20. Mwanafunzi anaanza kwa kishindo: "Usaliti ni hali ya kutokuwa mwaminifu." Kisha anashika njia na kusimulia kisa chote, kurasa tatu, na neno usaliti halionekani tena hadi mstari wa mwisho.

Wala si kwamba mwalimu wake hakufundisha. Alifundisha, tena alichora. Nimeonyeshwa mbao nyingi za namna hiyo: duara kubwa katikati limeandikwa USALITI, vijishale vimetoka pande zote kama miale ya jua, na kila ncha ina jina la mhusika. Darasa zima limenakili kwa rula. Nami nilichora majua hayo kwa miaka, na karatasi ziliendelea kurudi vilevile.

Kosa ni kutanguliza neno. Dhana ikishaandikwa katikati ya ubao, mwanafunzi hana cha kutafuta, kazi iliyobaki ni kunakili. Hapa tutakwenda kinyume: matukio kwanza, mishale baadaye, neno mwisho kabisa. Dhana ni usaliti na kisa ni cha Fumo Liyongo, lakini hatua ni zilezile kwa kisasi, wivu, deni au msamaha.

## Vifaa

- Kisa kimoja kifupi kinachoweza kusimuliwa kwa dakika 15. Riwaya nzima isubiri.
- Karatasi ya manila moja kwa kila kundi la wanafunzi watano au sita. Mgongo wa kalenda ya zamani unafaa, hata mfuko wa simenti uliokung'utwa vizuri.
- Vijikaratasi: chana karatasi ya A4 vipande vinane, ukubwa huo unatosha. Kila kundi lipate 12.
- Kalamu za rangi tatu: nyeusi ya watu na vitendo, bluu ya vitu vinavyotoka mkono mmoja kwenda mwingine, nyekundu ya dhana. Nyekundu kaa nayo wewe.
- Penseli na ufutio. Mishale yote inaanza kwa penseli.
- Vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Ukiwa na kimoja tu, ishia Hatua ya 2 na umalize siku nyingine.

## Kisa, kwa anayehitaji kukumbushwa

Liyongo ni shujaa wa pwani ya kaskazini ya Kenya, upande wa Pate, Shaka na Ozi. Mfalme wa Pate anahofia kunyang'anywa enzi naye. Kwanza Liyongo anategewa kwenye mkoma, mti wa jamii ya mnazi wenye matunda yaitwayo makoma: wenzake wanakubaliana kupanda kwa zamu kuangua makoma, ili zamu yake ikifika wampige mishale akiwa juu. Yeye anayaangua kwa mshale akiwa chini.

Baadaye anafungwa. Kijakazi Saada anamletea chakula kutoka kwa mama yake, na walinzi wanakila kilicho kizuri. Liyongo anamtuma Saada kwa maneno ya wimbo: mama aoke mkate wa wishwa, ndani yake atie tupa, kifaa cha kukerezea chuma. Walinzi wanaudharau mkate wa makapi, unamfikia mwenyewe. Ngoma ya gungu inapovuma, yeye anakata minyororo, anatoroka.

Ndipo mfalme anapomgeukia mwana wa Liyongo. Anamwahidi kumwoza binti yake akimletea habari ya kitu kinachoweza kumuua baba yake. Mwana anauliza, baba anamwambia: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Mwana anamchoma akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua uta na mishale, anapiga goti karibu na kisima, anavuta uta na kufa hivyohivyo. Watu wanaogopa kuteka maji, wakidhani yu hai. Na mwana hapati alichoahidiwa.

Masimulizi yanatofautiana hapa na pale. Chagua moja ushikamane nalo, la sivyo makundi yatabishana kuhusu matoleo badala ya dhana.

## Hatua ya 1: Pima dhana kabla ya kuingia darasani

Jiulize: dhana hii inahitaji watu wangapi, na nini kinapita kati yao? Usaliti unajibu vizuri: wawili wanaoaminiana, mara nyingi na wa tatu anayenufaika. Kisasi nacho kinajibu. "Uzalendo" unasumbua, kwa sababu upande mmoja kuna mtu na upande wa pili kuna nchi, na nchi haichoreki kirahisi. Usianze nao.

Andika kwenye daftari lako, si ubaoni, sifa tatu nne ambazo zikikosekana dhana inaanguka. Zangu za usaliti ni hizi: kuna anayeamini, kwa imani hiyo anampa mwenzake kitu (siri, nafasi, ulinzi), kitu hichohicho kinatumika kumdhuru aliyekitoa. Hutawasomea. Ni dira yako ya kujua kama mjadala umepotea.

Umefaulu ikiwa unaweza kutaja tukio moja katika kisa linalofanana na dhana lakini silo. Usipoliona, kisa hicho hakifai kwa somo hili. Katika Liyongo tukio hilo lipo, na tutalifikia.

## Hatua ya 2: Simulia, kisha mkusanye matukio

Simulia kwa mdomo, vitabu vimefungwa. Ukimaliza, kila kundi liandike matukio kwenye vijikaratasi, tukio moja karatasi moja, kwa umbo hili: mtu, kitendo, mtu au kitu. "Mama anaficha tupa ndani ya mkate." "Walinzi wanakula chakula cha Liyongo."

Sheria ni moja: karatasi yenye jina la kitu kisichoshikika irudishwe. "Mfalme ana wivu" inarudi. "Mwana ana tamaa" inarudi. Mwulize aliyeandika: ulimwona akifanya nini hata ukasema ana tamaa? Hapo ataandika "Mwana anakubali kuozwa binti wa mfalme", nayo inapita.

Zamani nilitoa sheria hii kisarufi, kwamba nomino zote za ngeli ya U zimepigwa marufuku, kwa kuwa usaliti, uhuru, upendo na utumwa zote ziko huko. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akaniuliza, "Na uta wa Liyongo, mwalimu?" Darasa likacheka, na alikuwa na haki. Uta unashikika. Halafu hofu, chuki na heshima hazishikiki na haziko katika ngeli hiyo. Tumia kipimo cha kushikika, kinatosha.

Tahadhari: neno usaliti lisitoke kinywani mwako. Likitoka, kila kundi litamrukia mwana na sindano na kuacha mkate, mkoma na kisima.

Umefaulu ikiwa kila kundi lina karatasi kati ya 9 na 12 na kila moja ina kitenzi kinachoweza kuigizwa mbele ya darasa.

## Hatua ya 3: Watu kwenye manila, mishale kati yao

Hapa ndipo somo linaposimama au kuanguka, kwa hiyo usiharakishe. Tenga nusu saa.

Kila kundi lichore visanduku vitano: Liyongo, Mwana, Mama, Saada, Mfalme. Walinzi wapate kisanduku kidogo. Visanduku visipangwe kwa mstari, viachwe na nafasi ya kiganja kati yake. Kisha wachukue vijikaratasi kimoja kimoja na kugeuza kila tukio kuwa mshale wa penseli, kutoka kwa mtendaji kwenda kwa mtendwa.

Juu ya kila mshale kiandikwe kitenzi. Mshale usio na kitenzi ni pambo. Wanafunzi watakuchorea mshale mtupu kutoka kwa Mfalme kwenda kwa Mwana na kusema "wana uhusiano". Uhusiano gani? Kuna vitenzi vitatu hapo na kila kimoja ni mshale wake: *anamwahidi*, *anamtuma*, *anamnyima*. Wakiichora yote mitatu kwa mpangilio, wataona jambo ambalo simulizi iliwapitisha haraka: mishale yote mitatu inatoka upande mmoja. Mwana hana anachomfanyia mfalme isipokuwa kupeleka habari.

Sasa jaribio ambalo Kiswahili kinatupa bure. Kila mshale usomwe mara mbili, kwa kauli ya kutenda na ya kutendwa. "Liyongo anamwamini mwana, mwana anaaminiwa na Liyongo." "Mwana anamchoma Liyongo. Liyongo anachomwa na mwana." Ukisomeka njia zote mbili bila kukwama, umekaa sawa. Ukikwama, ama kitenzi ni kibovu, ama kuna mtu amerukwa. Kundi moja lilikuwa na mshale *anamlisha* kutoka kwa Mama hadi kwa Liyongo. Waliposoma "Liyongo analishwa na mama", mmoja wao akasema, "Hapana, chakula kinaliwa na walinzi." Wakafuta, wakampitisha Saada, wakawaweka walinzi njiani. Mchoro ukawa wa kweli.

Mishale ikishakaa sawa, wapitie tena kwa bluu: palipo na kitu kinachopokewa, wakiandike chini ya mshale. Mkate. Tupa. Siri. Ahadi. Sindano.

Tahadhari: usiwachoree hata mshale mmoja "wa mfano". Nimejaribu, makundi yote sita yalinakili mfano wangu na kusubiri wa pili. Uliza tu, "Mshale huu unasema nini?" Sema hivyo mara ishirini ikibidi.

Umefaulu ikiwa mtu asiyewahi kukisikia kisa anaweza kuusoma mchoro na kukuambia kilichotokea. Mwite mwanafunzi wa darasa jirani ajaribu.

## Hatua ya 4: Tafuta umbo linalojirudia

Makundi yabandike manila ukutani. Uliza swali moja: ni wapi mtu anatoa kitu, kisha kitu hichohicho kinamrudia?

Watazunguka. Mwishowe kidole kitatua kati ya Liyongo na Mwana. Siri inakwenda, na inarudi ikiwa sindano. Mishale miwili inafanya kitanzi. Wape muda wa kukitazama kitanzi hicho kabla ya kusema lolote.

Kisha elekeza macho upande wa pili wa manila, kwenye mkate. Huko nako kuna kitu kimefichwa ndani ya kitu: tupa ndani ya wishwa. Je, mama amewafanyia walinzi kilekile mwana alichomfanyia baba?

Kaa kimya. Hili ndilo lile tukio linalofanana lakini silo, na mabishano yatakayozuka yana thamani kuliko maelezo yako ya nusu saa. Watakaosema ndiyo watashika hoja ya kuficha. Watakaosema hapana kwa kawaida husema kwanza kwamba mama ni mtu mwema, nayo si sababu. Warudishe kwenye mchoro: nionyesheni mshale wa bluu unaotoka kwa walinzi kwenda kwa mama. Walimpa nini? Haupo. Walinzi hawakumwamini mama wala hawakumkabidhi kitu. Waliudharau mkate wake. Wamehadaiwa. Kitanzi hakijafungika.

Sasa toa kalamu nyekundu na uulize jina la kitanzi. Watalitaja wenyewe. Mwite mmoja aje akizungushie nyekundu na kuandika: usaliti. Upande wa mkate aandike hila.

Umefaulu ikiwa mwanafunzi anaeleza tofauti ya usaliti na hila kwa kuonyesha mishale kwa kidole, bila kutumia maneno "mwema" na "mbaya".

## Hatua ya 5: Mraba wa vyumba vinne

Hatua hii ni fupi. Kila mwanafunzi agawe ukurasa wa daftari lake vyumba vinne, dhana iandikwe katikati, kisha ajaze kutokana na mchoro:

- Sharti: imani, kitu kilichotolewa kwa imani, madhara kwa aliyekitoa.
- Si sharti: undugu, malipo, kifo.
- Mfano: mwana na sindano.
- Si mfano: mama na walinzi.

Chumba cha pili ndicho kinachowatoa jasho, kwa kuwa katika kisa hiki undugu, malipo na kifo vyote vipo. Waulize: mwana angekuwa rafiki tu, kitanzi kingefunguka? Angefanya bila kuahidiwa chochote? Liyongo angepona?

Wenzake wa mkomani wawekwe chumba gani? Walitembea naye kama wenzake huku wamekwisha kula njama, lakini hawakufanikiwa. Darasa langu la mwisho liliwaandika juu ya mstari, nusu huku nusu kule. Niliwaachia.

## Hatua ya 6: Ondoa majina, ujaribu kwingine

Chora upya kitanzi kitupu: visanduku viwili, mshale wa kwenda, mshale wa kurudi, na kisanduku cha tatu pembeni cha anayenufaika. Uliza kama kinakaa kwenye jambo la nje ya kisa.

Tanzania tumia hili: mchezaji anahama kutoka Simba kwenda Yanga, au kinyume chake. Ni usaliti? Shabiki atasema ndiyo kabla hujamaliza swali. Basi ajaze mishale: nani alimpa nini kwa imani, na kitu hichohicho kimemdhuruje? Mkataba uliokwisha na mbinu za mazoezi alizozibeba kichwani havikai sawa kwenye mchoro. Kenya, Gor Mahia na AFC Leopards watakufanyia kazi hiyohiyo.

Tahadhari: usiwaombe wanafunzi watoe mifano ya nyumbani kwao mbele ya darasa. Neno usaliti lina majeraha yake, na mtoto anaweza kusema jambo ambalo hutajua la kulifanya. Mpira unatosha.

## Hatua ya 7: Kutoka mchoro hadi aya

Mchoro hauna alama kwenye mtihani, aya inazo. Kila mwanafunzi achukue kitanzi chekundu na kukigeuza kuwa sentensi tatu: ya kwanza itaje dhana na watu wake, ya pili mshale wa kwenda, ya tatu mshale wa kurudi. Mfano wa inayokubalika:

"Mwana anamsaliti baba yake kwa kuigeuza imani aliyopewa kuwa silaha. Liyongo anamfunulia siri ya maisha yake, kwamba sindano ya shaba kitovuni ndiyo itakayomuua. Mwana anaitumia siri hiyohiyo kumchoma baba yake akiwa usingizini, kwa kutamani kuozwa binti wa mfalme."

Linganisha na hii: "Mfalme alimwita mtoto wa Liyongo, akamwambia nenda kamwulize baba yako, akaenda, akaulizwa unataka nini, akasema…" Dalili ya ugonjwa ni hizo *-ka-*. Aya ya hoja ikiwa na *-ka-* zaidi ya mbili, mwandishi ameuacha mchoro na kurudi kusimulia. Waambie wazihesabu wenyewe kabla ya kukuletea.

Umefaulu ikiwa ukifunika sentensi ya kwanza, msomaji bado anaitambua dhana.

## Mambo yanapokwama

Darasa lina wanafunzi 80. Tokeni nje. Wanafunzi sita wawe visanduku, wasimame mbali mbali, wengine washike kamba kati yao na kutamka vitenzi. Mwanafunzi asiyeona naye anashika kamba na kuufuata mchoro kwa mkono. Nimeufurahia mchoro wa kamba kiasi kwamba siku nyingine nautumia hata kwa darasa dogo.

Mishale imekuwa msitu. Wafute kila ambao ukiondolewa kisa hakibadiliki. Kwa kawaida ibaki minane hivi.

Makundi yote yamechora kitu kimoja. Umesaidia mno, au kiongozi mmoja amezunguka meza zote. Badilisha washika penseli.

Mchoro umekataa kufungika. Huenda kisa ndicho kinachokataa, na hapo usiwalazimishe. Yapo masimulizi ambamo Liyongo anaishuku nia ya mwanawe na bado anamjibu. Niliposimulia hilo, kundi moja lilichora mshale unaotoka kwa Liyongo na kumrudia Liyongo mwenyewe. Niliwauliza unasema nini. Waliandika *anajitoa*, wakafuta, wakaandika *anamjaribu* wakaupindisha kwa mwana, wakafuta tena. Kengele ikalia. Manila ile bado iko ukutani, na mshale ule ungali wa penseli, hauna kitenzi.